Vitenzi vikaidi na viambishi vya kinyonga: mwongozo wa Kiingereza kutoka Mtwara

Msimu wa korosho uliopita, kijana ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Mtwara mjini alinijia na simu mkononi, uso umemshuka. Mjomba wake alikuwa na mzigo wa korosho zilizobanguliwa, na mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameuliza kwa ujumbe: zako ni *shelled* au *unshelled*? Kijana akapiga hesabu. *Tie* ni kufunga, *untie* ni kufungua. Basi *un-* huondoa kilichokuwepo, na *unshelled* lazima iwe korosho iliyotolewa ganda. Akajibu *unshelled*. Mnunuzi akataja bei ya korosho ghafi.

Jibu sahihi lilikuwa *shelled*. Sababu nitaieleza tukifika kwenye viambishi, maana kosa la namna hii haliponi kwa kukariri. Mwongozo huu nimemwandikia aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta karibu kila somo limegeuka lugha. Na mtu mzima mwenzangu anayehitaji Kiingereza cha kazini, awe ghalani, bandarini au kwenye mtambo wa gesi kule Madimba. Tafuta daftari moja, kalamu za rangi mbili, kamusi hata ya kwenye simu, na nusu saa kwa siku.

Hatua ya 1: Anzia kwenye Kiswahili chako

Kwetu wakati uliopita ni *-li-* tu. Nilipanda, nilipalilia, nilibangua. Ndiyo maana tukikutana na *go* inayogeuka *went* tunaona Waingereza wametufanyia makusudi.

Lakini hebu jisikilize. Husemi "nilija", unasema nilikuja. Husemi "nilila", unasema nilikula. Ukimwita mtoto humwambii "ja!", unamwambia njoo. Ukimtuma dukani unasema nenda, na hiyo *n* ya mbele hujawahi kuulizwa imetoka wapi. Maneno haya hayafuati mkondo wa wenzake, na hakuna aliyekufundisha: umeyasikia mara elfu kabla hujaota meno yote.

Hiyo ndiyo siri ya Kiingereza pia. Neno linalotumika kila saa hubaki na umbo lake la kale, kwa sababu kila kizazi hulisikia sana kabla hakijapata nafasi ya kulinyoosha. Neno la nadra husahaulika umbo, kisha watu hulipachika *-ed* yaishe. Ndiyo maana vitenzi vinavyotumika kuliko vyote, yaani *be, have, do, say, get, make, go, know, take* na *see*, vyote ni vikaidi, yaani havifuati kanuni ya kuongeza *-ed* kwa wakati uliopita, ilhali vitenzi vipya vinavyozaliwa kila mwaka kutoka kwenye simu na kompyuta karibu vyote huchukua *-ed* bila ubishi. Hiyo *went* yenyewe ilikuwa mali ya kitenzi kingine, *wend*, chenye maana ya kushika njia. *Go* iliichukua, na *wend* ikabaki mikono mitupu.

Kwa hiyo usihofie wingi. Andika kumi hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, kila kimoja katika safu tatu: sasa, jana, na ile safu ya tatu inayofuatana na *have*. *Go, went, gone. See, saw, seen. Do, did, done.* Ukivimudu hivi kumi umeshika sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku.

Hatua ya 2: Panga kwa sauti, usipange kwa alfabeti

Orodha zilizo nyuma ya vitabu huanza na *arise* na kumalizia na *write*. Mpangilio huo unamfaa anayetafuta neno, haumfai anayejifunza. Vitenzi hivi hufanana kwa sauti, kwa hiyo panga koo kwa koo, kama watu.

Ukoo wa kwanza ni wa wavivu, wasiobadilika kabisa: *cut, put, shut, hit, hurt, cost, let, set, spread*. Tazama mwisho wa kila mmoja, ni *t* au *d*. Hapa pana mtego mdogo. *He puts* ni kila siku. *He put* ni jana. Herufi moja ya *s* ndiyo inayotofautisha leo na jana. Katika ukoo huu muweke pia *read*, lakini mwekee alama ya rangi: leo hutamkwa "riid", jana hutamkwa "red", na maandishi ni yale yale.

Ukoo wa pili huimba i-a-u: *sing, sang, sung, drink, drank, drunk, swim, swam, swum, ring, rang, rung, begin, began, begun*. Jirani zao huruka *a* na kwenda *u* moja kwa moja: *dig, dug, dug, sting, stung, stung, cling, clung, clung*. Watu wengi huchanganya nyumba hizi mbili, nami sina dawa zaidi ya kuziimba kwa sauti. Wanangu wameshazoea kunisikia jikoni.

Ukoo wa tatu unatisha kwa maandishi tu: *buy, bought, bring, brought, think, thought, fight, fought, seek, sought, catch, caught, teach, taught*. Ile *gh* haitamkwi, ipite kama kaburi la mtu usiyemjua. Kinacholeta shida ni *bought* na *brought*. Angalia mzizi: *bring* ina *r*, kwa hiyo *brought* imebaki nayo, *buy* haina, na *bought* haina.

Zilizobaki nitazipitia haraka. *Know, grow, throw, blow, fly* huenda *knew, grew, threw, blew, flew*. Lakini *flow* ya maji ni *flowed*, na *show* ni *showed*. *Keep, sleep, sweep* hufupisha irabu na kuongeza *t*: *kept, slept, swept*. *Speak, break, steal* huwa *spoke, broke, stole*. *Drive, ride, write* huwa *drove, rode, wrote*.

Na hao wapole wenye *-ed*? Kazi yao iko mdomoni. Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu, ndiyo maana utasikia "wok-ed-i". *Worked* ni silabi moja, mwisho wake ni sauti ya *t*. *Played* nayo ni silabi moja, mwisho ni *d*. Silabi ya ziada hupatikana pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na *t* au *d*: *wanted, needed, planted*.

Hatua ya 3: Tunga sentensi za kwenu

Vitabu vingi hukupa *John went to London*. John simjui, na London sijafika. Mimi wanafunzi wangu nawapa Kusini. Huku kuna historia ya kutosha kubeba vitenzi vikaidi vyote, na mwaka ukiingia kichwani huingia pamoja na kitenzi.

*Ibn Battuta came to Kilwa in 1331.*

*Livingstone left Mikindani in 1866.*

*The Maji Maji war began in 1905.* Vilima vya Matumbi, ilikoanzia, viko huko huko upande wa Kilwa.

*The Germans dug up dinosaur bones at Tendaguru between 1909 and 1913, and took them to Berlin.* Hapa una *dug* na *took* kwa sentensi moja, na ukienda Lindi watu bado wanauliza lini mifupa itarudi.

*A railway ran from Mtwara to Nachingwea.* Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindwa, reli ikang'olewa, kitenzi *ran* kimebaki.

*Benjamin Mkapa was born at Lupaso in 1938 and became president in 1995.* Kisha ongeza: *He read English at Makerere.* Hapo *read* si kusoma gazeti. Ni Kiingereza cha Uingereza cha kusema mtu alisomea fani fulani chuo kikuu. Mtoto wa Masasi alisomea lugha hii hii tunayoilalamikia.

Tunga kumi za kwako. Baba alilima wapi, bibi aliuza nini, nyumba ilijengwa mwaka gani. *My grandmother sold ming'oko at the bus stand.* Neno ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, liache lilivyo. Kiingereza hakina ming'oko.

Hatua ya 4: Tenganisha mapacha wanaovaa nguo za mwenzao

Hapa ndipo hata waliosoma sana huteleza, nami nitakaa kidogo.

*Lie* ya kulala huwa *lay* jana. *Lay* ya kulaza au kutaga huwa *laid* jana. *Lie* ya kudanganya huwa *lied*. Yaani jana ya mmoja ni leo ya mwingine. Nimeona walimu wakiitoa hii kama adhabu, mistari mitatu ubaoni, kariri. Lakini Mswahili ana ufunguo ambao wengi wa wanaojifunza lugha hii hawana: lala na laza. Wewe hujawahi kuvichanganya maishani. Anayelala hujilalia mwenyewe; anayelaza analaza kitu au mtu.

Sasa angalia jozi nyingine. Anguka ni *fall*, angusha mti ni *fell*. Inuka ni *rise*, inua ni *raise*. Kaa ni *sit*, na kukalisha kitu mahali pake ni *set*. Zamani sana lugha mama ya Kiingereza ilikuwa na kauli ya kusababisha kama yetu, ikafa, na jozi hizi ndizo mabaki yake. Kutokana na hilo unapata kanuni nzuri: anayefanya mwenyewe ndiye mkaidi, anayesababisha ni mpole. *Fall* huwa *fell*, lakini *fell* huwa *felled*. *Rise* huwa *rose*, lakini *raise* huwa *raised*. *Lie* huwa *lay*, lakini *lay* huwa *laid*. *Set* peke yake hukataa, kwa kuwa ni wa ukoo wa wavivu.

Kwa hiyo mkorosho ulioangushwa na upepo: *the tree fell*. Mkorosho ulioangushwa na shoka: *they felled the tree*.

*Hang* nayo ina jana mbili, na Kiswahili kinakusaidia tena. Ukitundika nguo au picha, ni *hung*. Mtu akinyongwa kwa hukumu, ni *hanged*. *She hung the khanga on the line.* *The Germans hanged Kinjikitile Ngwale in August 1905.* Kutundika na kunyonga, hujawahi kuvichanganya pia.

Wengine ni wa kukutana nao njiani tu. *Found* ni jana ya *find*, lakini pia ni kitenzi kamili chenye maana ya kuasisi, na jana yake ni *founded*. *Saw* ni jana ya *see*, na pia ni kukata kwa msumeno, jana yake *sawed*. *Wound* ikitamkwa "waund" ni jana ya *wind*, kuzungusha; ikitamkwa "wuund" ni kujeruhi, na jana yake *wounded*.

Hatua ya 5: Wakati mmoja, alama moja

*Did you went?* Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, na chanzo chake si ujinga. Kiswahili hakioni tabu kuweka alama ya wakati mara mbili: alikuwa amekwenda, tulikuwa tumelala. Kiingereza kikishatumia *did*, wakati umeshabebwa. Kitenzi kinachofuata kinarudi uchi kama kilivyozaliwa: *Did you go? I didn't see him. She didn't buy fish.* Chukua kalamu ya pili, kila unapoandika *did* pigia mstari kitenzi kinachofuata na uhakikishe kiko safu ya kwanza.

Hatua ya 6: Kitenzi kilichobeba kiambishi hakisahau nyumbani

*Come* ni *came*, basi *become* ni *became* na *overcome* ni *overcame*. *Stand* ni *stood*, basi *understand* ni *understood*, hata kama maana haina uhusiano wowote na kusimama. *Take* inakupa *mistook* na *undertook*. *Give* inakupa *forgave*. *Go* inakupa *underwent*. Kwa hatua hii moja msamiati wako unaongezeka bure.

Wawili wanadanganya. *Welcome* si *welcame*, ni *welcomed*, kwa sababu zamani ilikuwa nomino ya mgeni anayependeza kuja. Na *behave* si *behad*, ni *behaved*, ingawa ndani yake kweli mna *have*.

Hatua ya 7: *Un-* ni wawili, wamevaa kofia moja

Turudi ghalani.

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ile *-ua* ya mwishoni. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Funika, funua. Tega, tegua. Kiingereza kina kitu hicho hicho, ila kimekiweka mbele: *tie, untie, fold, unfold, cover, uncover*. (Hatupatani kila mahali. Sisi tunaanika na kuanua. Wao kwa kuanua nguo hawana neno moja, wanaeleza tu.)

Huyo ni *un-* wa kwanza, anayekaa kwenye vitenzi na kugeuza tendo. *Un-* wa pili hukaa kwenye vivumishi na kazi yake ni kukana tu, kama *-sio* yetu: *unhappy*, asiye na furaha, *unripe*, bibo lisiloiva. Huyu hageuzi tendo lolote.

Shida huja kwenye maneno yaliyotokana na vitenzi na yanayotumika kama vivumishi, maana yote mawili yanaweza kuingia. *The door was unlocked*: ulifunguliwa kwa ufunguo, au haukufungwa tangu mwanzo? Muktadha ndio unaoamua.

Sasa *shell*. Kama nomino ni ganda. Lakini kama kitenzi, tayari maana yake ni kutoa ganda, yaani kubangua. Kiingereza kina tabia hii ya kulifanya jina la kitu kuwa kitenzi cha kukiondoa: *to skin* ni kuchuna ngozi, *to scale* samaki ni kumpara magamba, *to dust* ni kufuta vumbi, *to weed* ni kung'oa magugu. Ndiyo maana *to bone a fish* na *to debone a fish* ni kazi moja ya kutoa miiba, japokuwa moja ina kiambishi na nyingine haina. Kwa hiyo *shelled* ni iliyobanguliwa, na *unshelled* kwa kawaida ni ile ambayo haijabanguliwa. Kijana alimtumia *un-* wa kutendua mahali pa *un-* wa kukana.

Ushauri wangu wa kibiashara: achana na maneno yote mawili. Korosho ghafi ziandike *raw cashew nuts, in shell*. Zilizobanguliwa ziandike *cashew kernels*. Hakuna wa kukosea hapo.

Hatua ya 8: Mjue kinyonga *in-*

*In-* ya kukana hubadilika rangi kufuata herufi inayoifuata. Mbele ya *p, b* na *m* huwa *im-*: *impossible, imbalance, immature*. Mbele ya *l* huwa *il-*: *illegal*. Mbele ya *r* huwa *ir-*: *irregular*, jina lenyewe la vitenzi vyetu vikaidi. Tamka *inpossible* haraka utaona midomo inavyogoma. Sisi nasi tuna n- inayofanya hivyo: ndefu, nzuri, lakini mbaya, mbovu. Tahadhari: si kila neno humkubali kinyonga. *Reliable* na *lawful* huchukua *un-*.

Hatari halisi ni pale *in-* isipokuwa ya kukana. Kilatini kilikuwa na *in-* mbili, moja ya hapana na nyingine ya ndani, na zote zimeingia Kiingereza. *Inflammable* imetokana na ile ya ndani: kuingiwa na moto. Maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na *flammable*. Watu walikuwa wakiisoma kama "kisichoshika moto", na Marekani tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto walihimiza iandikwe *flammable* tu. Kwenye magari ya mafuta na mitungi ya gesi siku hizi utaona zaidi hiyo fupi. Ukiikuta ndefu kwenye kopo la rangi au dawa, zima sigara. Kisichoshika moto ni *non-flammable*.

*Invaluable* si kitu kisicho na thamani. Ni chenye thamani isiyopimika. *Infamous* si asiyejulikana. Anajulikana sana, kwa ubaya. *Disinterested* ni mtu asiye na maslahi, anayefaa kuamua ugomvi wa shamba. *Uninterested* ni yule anayepiga miayo mkizungumza. Na *biweekly* iache kabisa: wengine huielewa mara mbili kwa wiki, wengine kila baada ya wiki mbili. Kama ni malipo yako, andika *every two weeks*.

Hatua ya 9: Jipime kila usiku

Kabla ya kulala andika sentensi tano za siku iliyopita, kisha zigeuze ziwe maswali kwa *did*, kisha zikane. Mpe mtu azisome kwa sauti, hata kama hajui Kiingereza vizuri. Atakwama penye kosa. Kila neno jipya lenye kiambishi liulize maswali mawili: bila kiambishi ni neno kamili? Na kiambishi hiki kinakana, kinageuza, au kinamaanisha ndani? Usipopata jibu, fungua kamusi. Usikisie, hasa penye fedha au moto.

Wiki mbili baada ya kisa kile, kijana alikuja na mjomba wake. Mzee alikuwa na karatasi ya mzigo mwingine, safari hii korosho ghafi, imeandikwa *in shell* kama nilivyoelekeza. Akaishika mbali na macho, akaisoma taratibu, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Mwanangu, hii *in* ni ile ya hapana?"

"Hapana, mjomba," kijana akasema. "Ni ya ndani. Kama ile ya kwenye kopo la rangi."

Mzee akaitia sahihi.